Kadi ya Tatu ya Pera

Mama yangu alifanya kazi katika ofisi ya kamusi kwa miaka thelathini na mitano, akitunza kadi. Ukifika pale ukamuulizia kwa jina lake la kuzaliwa, watu walikuwa wanatazamana. Ukimuulizia Bi Kadi, hata bawabu alikuelekeza bila kuinua kichwa: ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, penye makasha ya mbao yaliyopangwa ukutani mpaka darini. Ungemkuta mwanamke mfupi juu ya ngazi ndogo, anakutazama kama umekuja kuiba.

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Ni muuguzi, mambo ya kupamba maneno siyawezi, na hasira nimerithi. Nayaandika haya kwa sababu siku ya kumuaga kazini walisimama watu wanne, mmoja baada ya mwingine, wakasema alikuwa mpole. Mama hakuwa mpole hata siku moja. Alikuwa mtaratibu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Alianza pale kama mfagizi, ana miaka ishirini na minne, mimi niko mgongoni kwenye mbeleko. Asubuhi moja alikuta kadi juu ya meza ya Mhariri Mkuu wa wakati ule, mzee aliyevaa miwani mbili kwa pamoja, moja machoni na nyingine kichwani. Kadi ilisema: Pera, tunda la mpera, la mviringo, ganda lake kijani, hugeuka manjano likiiva, nyama yake nyeupe, yenye mbegu nyingi ndogo ngumu. Mama aliisoma mara mbili. Nyuma ya jiko la kwao kulikuwa na mpera, na mapera yake yalikuwa mekundu ndani. Akachukua penseli ya mzee, akaandika chini: Na mengine ni mekundu ndani. Kisha akamalizia kufagia.

Mzee alipofika alitoka mpaka kwenye korido na kadi mkononi.

"Nani kachorachora kadi yangu?"

"Haijachorwa. Imeandikwa," mama akajibu. "Nimeandika mimi."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Nimesoma kiasi changu. Ila pera sikulisoma, nimelila."

Mzee alicheka mpaka miwani ya kichwani ikashuka ikagongana na ya machoni. Wiki ile ile alimtafutia mama kiti, na mfagio ukapata mtu mwingine.

Ofisi ile ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Maana ya neno haiingii kwenye kamusi mpaka iwe na kadi tatu, kutoka midomo mitatu tofauti. Kadi inaeleza nani kasema, wapi, katika maneno gani hasa, na yeye mwenyewe alilisikia kwa nani. Halafu msemaji anasomewa kadi yake, na akikubali kwamba ndivyo alivyosema, anaweka sahihi au dole gumba. Kadi ikikosa wenzake wawili inaingia kwenye kasha la chini kabisa, karibu na dirisha. Kasha hilo waliliita la mayatima.

Pera lilikuwa neno la kwanza kukabidhiwa mama, na hakuliacha mpaka mwisho. Mzee alimweleza kwamba wataalamu wanasema jina lenyewe lilikuja na Wareno, na kwao pera ni tunda jingine kabisa, lile tunaloita peasi. Watu wa huku walilipokea jina wakalivika tunda hili lenye mbegu za kung'ang'ania kwenye meno. Mama alilipenda sana jambo hilo. Nyumbani alikuwa akimenya pera ananiambia, "Unaona huyu? Jina la kuazima, na hana habari. Muulize mtu yeyote sokoni kama pera ni mgeni."

Basi akakusanya. Mafundi umeme wa mtaa wetu walikuwa wanaita balbu pera, akapata midomo mitatu kwa asubuhi moja. Watoto wa mpirani waliita pera mchezaji anayeanguka bila kuguswa. Mimi nilipoanza kazi wodini nilimwambia kwamba sisi wauguzi tunaita pera ule mpira mdogo unaoubonyeza kujaza upepo kwenye kipimo cha presha. Alidondosha kijiko. Kesho yake alikuja wodini na kadi tatu, akanisomea yangu mbele ya matroni kama hakimu, nikaweka sahihi.

Maana ya tano alikuwa nayo kabla ya zote, na kadi zake zilikaa kwa mayatima miaka thelathini na minne.

Siwezi kuieleza bila kuanzia mlangoni kwa bibi. Mama aliporudi kutoka bombani siku ile, ndoo imejaa, tumbo langu limeanza kuonekana na aliyelileta tumbo hana anwani, bibi alikuwa amesimama kizingitini. Alimwambia, "Wewe ni pera lililodonolewa na ndege. Nani atakununua sasa?" Mama aliituliza ndoo chini, maji hayakumwagika, akaondoka na nguo alizovaa. Mwezi ule ule jirani alimwita hivyo hivyo kwenye foleni ya bomba la mtaa alikohamia. Mwaka uliofuata dereva wa ofisi alilisema neno lile juu ya msichana wa kantini, huku anacheka. Mama alimfuata jirani na kadi, akamfuata dereva na kadi, akawasomea. Jirani alitia sahihi kwa kiburi. Dereva alitia sahihi akiwa hatazami.

Kadi mbili. Ya tatu ilikuwepo, imeandikwa kwa mkono wa mama usiotetemeka, lakini haina dole. Aliiweka nyumbani, ndani ya kopo la vifungo.

Miaka kumi na moja iliyopita bibi alikuja kuishi na sisi. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu, magoti yamegoma, na wajomba zangu walikuwa wamepeana zamu za kumtunza mpaka zamu zikawaishia. Mama alimfungulia mlango akasema, "Karibu, mama. Chumba chako ni hiki, dirisha linatazama uani." Basi. Alimwogesha, alimkata kucha, alimpikia vya laini. Mimi nilikuwa natokwa povu. Nilimuuliza jikoni, kwa sauti ya kusikika, kama amemsamehe.

"Sijasema nimemsamehe," mama alijibu. "Nimesema ale."

Sasa, ilipobaki wiki moja mama astaafu, Mhariri Mkuu mpya alimwita ofisini. Huyu ni kijana wa rika langu, mstaarabu, anamvutia kiti mwanamke kabla hajakaa. Alimweleza kwamba toleo jipya linakwenda kwa mchapaji, kazi yote imehamia kwenye kompyuta, na Jumanne gari la karatasi chakavu litakuja kubeba kasha la mayatima.

"Na lile pera lako la tano litakwenda nalo," akasema kwa upole. "Nadhani hata wewe utafurahi, Bi Kadi. Ni neno la kuwadhalilisha kina mama. Halina haja ya kuwa kwenye kitabu cha heshima."

"Nani kakwambia nitafurahi?"

"Kwani unataka watoto walikute?"

"Watoto wanalikuta bombani. Kwenye kitabu angalau watakuta limeandikwa kwamba ni dharau. Wewe unalifuta, halafu aliyelisema anakwenda zake ametakata, na niliyeambiwa mimi nabaki nalo peke yangu, kama nililiota. Lisemwalo lipo."

Kijana wa watu alishikashika kalamu yake. Alisema sheria hakuitunga yeye. Kadi mbili ni kadi mbili.

"Hapo umesema kweli," mama akasema. "Gari ni Jumanne?"

"Jumanne saa nne."

Jumamosi mchana nilikuwa nampima bibi presha, kama kila Jumamosi. Bibi kakaa kitandani, mkono umefungwa, mimi nabonyeza pera. Mama akaingia na kopo la vifungo. Akamimina vifungo kwenye shuka, akatoa kadi iliyokunjwa mara moja, akakaa kwenye kiti cha mbele ya bibi. Nilijua ni nini kabla hajaifungua.

"Mama," akasema, "nakusomea kadi. Sikiliza, halafu useme kama ndivyo."

Akasoma kwa sauti ya kazini. "Pera. Mwanamke aliyepata mimba akaachwa. Ni neno la dharau. Maneno yenyewe: wewe ni pera lililodonolewa na ndege, nani atakununua sasa? Msemaji: mama mzazi wa mkusanyaji. Mahali: mlangoni kwake, asubuhi. Alilisikia kwa nani..." Akaweka kidole kwenye mstari mtupu. "Hapo hapajajazwa."

Nilisikia upepo unavuja kwenye mpira. Bibi akasema, "Sikusema."

"Ulisema, mama. Ulikuwa umeshika ukingo wa mlango kwa mkono wa kulia. Mimi nilikuwa na ndoo mkono wa kushoto."

"Nimezeeka. Unanitungia maneno kwa kuwa sioni."

Kipimo kilisoma pahali ambapo kazini ningeita daktari. Nikamwambia mama amwache, presha inapanda.

"Presha yake inapimwa kila Jumamosi," mama akaniambia bila kunitazama. "Yangu siku ile ilipimwa na nani?"

Bibi aliuvuta mkono wake. "Kumbe umenilisha miaka kumi na moja uje unishtaki."

"Sikushtaki. Usipoweka dole utakula, ukiweka dole utakula. Chakula na kadi havijuani."

Bibi aligeukia ukuta. Mama akarudisha vifungo kwenye kopo, kimoja kimoja, akatoka. Jumapili nyumba yetu ilikuwa na wanawake watatu na hakuna aliyesema zaidi ya "pisha" na "chumvi". Nilimchukia bibi siku ile. Nilimchukia na mama kidogo, kwa kuchagua kushindana na mwanamke wa miaka sabini na minane asiyeona. Nilikuwa sijaelewa kwamba alikuwa anamheshimu. Wajomba walikuwa wanamdanganya bibi kila kitu kama mtoto. Mama pekee ndiye aliyemdai ukweli kama mtu mzima.

Jumatatu asubuhi nilimpelekea bibi chai kabla ya kwenda kazini. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Bibi akaniuliza, kwa sauti ya kujidai hajali, mama yako anaitakia nini ile karatasi. Nilikuwa nimekasirika, nikamjibu kwa hasira na ukweli kwa pamoja. Nikamwambia kuna bwana mmoja ofisini, kwamba bila dole lake neno lile litatupwa na karatasi chakavu, na kuanzia kesho itakuwa kama halijasemwa na mtu yeyote, na mama atastaafu kama aliyejizulia.

"Halijasemwa?" bibi akauliza. "Huyo bwana ana miaka mingapi?"

"Rika langu."

"Rika lako. Alikuwa wapi?" Akaweka kikombe chini, chai ikamwagikia kisahani. "Nililisema mimi. Nililisema na akili zangu zote, na mtaa mzima ulinisikia, nilihakikisha wamenisikia. Leo anakuja mtoto kuniambia sikusema? Mwite mama yako. Aje na wino."

Nilitaka kumkumbusha kwamba juzi yeye mwenyewe ndiye aliyesema hakusema. Nikaona nimwite mama.

Mama alikuja na kadi, kalamu, na kidau cha wino cha ofisini. Alimsomea upya, mwanzo mpaka mwisho, hakuruka neno, kwa sababu sheria inataka msemaji asomewe kabla ya dole. Bibi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila kituo. Aliposikia "nani atakununua sasa" alisema, "Ndivyo." Akanyoosha dole lake, mama akalishika, akalitia wino, akalikandamiza kwenye kadi. Sijui mara ya mwisho hawa wawili walikuwa wameshikana mikono lini bila kuwa na sabuni katikati.

"Kuna mstari mmoja mtupu," mama akasema. Sauti bado ya kazini. "Wewe ulilisikia kwa nani?"

Nilidhani atasema mtaani, au hakumbuki. Bibi alilipangusa dole lake kwenye shuka safi, taratibu.

"Kwa mama mkwe wangu."

"Alikuwa anamsema nani?"

"Alikuwa ananisema mimi." Bibi aligeuza uso kule anakosikia sauti ya mama. "Baba yako alikuwa bado hajaamua kama atanioa. Niliwekwa uani nisubiri, na tumbo la miezi sita. Yule mama akatoka na ungo wa mapera, akakaa mbele yangu kuchambua. Mazima ndani ya ungo, yaliyodonolewa anayatupa pembeni yangu. Akamaliza, akanitazama, akasema haya ya ndege yamepata mwenzao."

"Tumbo la nani, bibi?" nikauliza. Mimi huwa nachelewa.

"La nani tena? La huyu."

Kalamu ya mama ilikuwa imesimama juu ya mstari. Nilimsikia anavuta pumzi mara mbili, kama wagonjwa wangu wanapoambiwa hesabu mpaka tatu.

"Ukalijua linavyouma," akasema. Sauti ya kazini ilikuwa imekwisha. "Ukanirushia mimi, mama."

"Nikakurushia wewe. Nililibeba miaka ishirini na minne, sikujua pa kulitua. Ulipokuja na tumbo lako niliona nimepata pa kulitua." Bibi akaendelea, "Ilikuwa vibaya. Niliona ile ndoo ulivyoitua, hata tone halikumwagika, nikajua nimefanya vibaya. Na sikukuita."

Mama alilia. Katika miaka yangu yote ndiyo mara ya kwanza kumwona analia, na alikasirika kwa kulia, akaiinua kadi juu isilowe. Kisha akaandika kwenye ule mstari: Kwa mama mkwe wake, aliyemwambia yeye, akiwa na mimba ya mkusanyaji. Akauliza ilikuwa mwezi gani. Bibi akasema nani alikuwa na kalenda, yalikuwa majira ya mapera. Mama akaandika: majira ya mapera.

Jumanne nilibadilisha zamu kwa makusudi nikamsindikiza. Wapakiaji wa karatasi chakavu walikuwa tayari wamefika kwenye korido, na kasha la mayatima limeshavutwa mpaka mlangoni. Mama aliwapita, akalifungua, akatoa kadi zake mbili bila kutafuta, akaingia kwa Mhariri na kuzipanga mezani tatu kwa mstari.

Kijana alisoma ya tatu. Alifika kwenye "mama mzazi wa mkusanyaji" akainua macho, akayarudisha. Alifika kwenye mstari wa mwisho akavua miwani.

"Bi Kadi," akasema, "una hakika unataka jambo hili litoke?"

"Sheria hukuitunga wewe."

"Nakuuliza kama mtu, si kama bosi. Ni aibu ya nyumbani kwako."

"Mwenye aibu yake kaichukua, na dole lake hilo hapo," mama akasema. "Mimi nimekuja na kadi tatu. Zihesabu."

Akazihesabu, maskini, kwa kidole, kana kwamba zingeweza kuwa nne. Kisha akasogeza kompyuta yake, akaanza kuandika, na mama akasimama nyuma ya kiti chake mpaka alipomaliza, akimwambia aweke neno dharau mwanzo wa maana, si mwisho, ili msomaji alikute kabla hajafurahi. Ijumaa ile ndiyo walipomuaga, wakampa saa ya ukutani, wakamwita mpole.

Kamusi ilitoka miezi saba baadaye. Mhariri alileta nakala mwenyewe mpaka nyumbani, akakataa kukaa kwa kuwa nyumba ilikuwa na wanawake watatu wanaomtazama. Alipoondoka, mama alifungua kwenye herufi ya pe, akamsomea bibi pera lote: tunda, na mekundu ndani, balbu, mchezaji, mpira wa presha, na ile ya mwisho. Kwenye mpira wa presha bibi alicheka. Kwenye ya mwisho hakucheka.

"Wameandika nani alisema?" akauliza.

"Kamusi haiandiki wasemaji, mama. Wanabaki kwenye kadi."

"Na wameandika lilikoishia?"

"Hawaandiki hivyo."

"Basi andika wewe. Andika mama mkwe wangu, andika mimi, andika kwamba wewe ulizaa binti na hukumrushia."

Mama alikitazama kitabu kile kipya kwa muda. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na mitano aliwafokea wanaokunja kona za kurasa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa penseli, nikasikia inavyokwaruza pembezoni mwa ukurasa. Bibi naye aliisikia.

"Hiyo ni nini?"

"Penseli."

"Penseli ya nini," bibi akasema. "Andika kwa wino."